Pesa za ukame zisiwe za rambirambi

Kwa Mhariri,

Kila ukame unapoingia, kurasa za barua katika magazeti yetu hujaa swali moja: serikali imetenga pesa ngapi kwa ajili ya wafugaji na wakulima walioathirika? Ni swali la haki, nami silipuuzi. Hata hivyo naomba nafasi katika gazeti lako niulize lingine, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama pesa hizo zitamfaa mtu au zitakuwa za rambirambi tu. Zinatoka siku gani, na ni nani au ni kitu gani kinachoiamua siku hiyo?

Niseme kwanza nasimama wapi. Mimi ni karani katika soko la mbuzi la Kiamaiko, hapa Nairobi, na kazi yangu ni kuandika daftarini mbuzi wanaoshushwa kutoka malorini, mwenyewe ni nani, dalali ni nani, na bei waliyopatana. Kabla ya hapo nilifundisha shule za msingi kaskazini mwa nchi kwa miaka mingi, na ndugu zangu wangali wanafuga huko. Kwa hiyo ukame mimi huupata mara mbili: nausikia kwenye simu kutoka nyumbani, halafu baada ya wiki kadhaa nauona ukiteremka kwenye lori.

Daftari langu la 2021 na 2022 lingeweza kusomwa kama taarifa ya hali ya hewa. Mwanzoni waliletwa mabeberu, kama ilivyo kawaida ya biashara. Baadaye wakaja majike wazee, ambao mfugaji huwauza bila kusikitika sana. Kisha wakaja majike wachanga, na mwishowe majike wenye mimba, na hapo mtu aliyekulia kwenye boma hahitaji kuelezwa hali ya huko walikotoka, kwa sababu mfugaji hamuuzi jike mwenye mimba ila amekwisha kuamini kwamba mama na mtoto wote wawili watakufa akibaki nao. Bei zilishuka hadi nikaandika siku moja mbuzi watatu kwa pesa ambazo katika mwaka mzuri zingemnunua mmoja. Sitaficha kwamba wapo sokoni kwetu walionufaika. Kufa kufaana, na mshahara wangu mwenyewe ulitoka humo humo.

Sasa tutazame tarehe. Mvua za vuli za 2020 zilikosa, na za masika ya 2021 hazikutosha. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa tarehe 8 Septemba 2021, karibu mwaka mzima tangu dalili za kwanza. Misimu mingine mitatu ilifuata bila mvua ya maana, na kufikia mapema 2023 mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikuwa imekufa nchini. Sisemi tangazo lile lilikuwa bure, maana tangazo la namna hiyo hufungua milango ya Hazina na ya wafadhili. Ninachosema ni kwamba tangazo ni uamuzi wa watu, na watu wana mikutano, bajeti, safari na siasa zao, ilhali mbuzi ana siku chache tu za kukaa bila malisho.

Shilingi 5,000 zikimfikia mfugaji wakati mbuzi wake bado wanainuka wenyewe asubuhi, zitanunua marobota ya nyasi, dawa ya minyoo, au zitachangia nauli ya lori la kuwahamishia majike mahali penye malisho. Shilingi 5,000 hizo hizo zikimfikia miezi minne baadaye zitanunua unga, sukari na mafuta ya kupikia, familia itakula kwa wiki kadhaa, na zizi litabaki tupu. Katika vitabu vya serikali malipo hayo mawili yataandikwa kwa kiasi kimoja na chini ya kifungu kimoja, na mkaguzi hataona tofauti.

Nina ami yangu, mzee aliyepita miaka sabini, na hadithi yake naieleza bila kutaja mpango wala ofisi iliyohusika. Alikuwa na mbuzi 140 na ng'ombe 11 wakati watu wa kuandikisha kaya walipopita kijijini kwao. Ingawa wengi kwetu hawapendi kuhesabu mifugo mbele ya wageni, mzee aliwajibu kweli, akawekwa miongoni mwa wenye uwezo. Ukame ulipokwisha kupita juu yake alikuwa na mbuzi tisa. Alikwenda kuuliza, akaambiwa sajili imefungwa mpaka uandikishaji mwingine. Baadaye ikatengenezwa orodha ya pili, ya msaada wa dharura, na jina lake likasomwa barazani watu wakisikia, lakini siku ya malipo halikuwepo. Hakuna aliyeweza kumwambia limeondolewa na nani. Mvua iliponyesha hatimaye Machi 2023, usiku wa kwanza wa baridi uliwaua wanne kati ya wale tisa. Jambo hili wafugaji wanalijua vizuri: mbuzi aliyedhoofika hauawi na jua peke yake, humalizwa na mvua ile ile aliyokuwa akiingoja.

Je, jina la ami liliibwa au lilisahauliwa na karani aliyechoka? Mimi ni karani, najua jinsi mstari mmoja unavyoweza kurukwa. Sina ushahidi wa wizi, na kwa sababu hiyo simtuhumu mtu. Lakini kinachonikera ni kwamba wizi na kosa la kalamu vimefanana kabisa machoni pa mzee yule, kwa kuwa orodha ya mwisho haikubandikwa mahali popote.

Ajabu ni kwamba nchi hii inayo tayari mipango isiyongoja hotuba ya mtu. Mpango wa HSNP, wa kuzipa pesa taslimu kaya maskini zilizo katika hatari ya njaa, ulio chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, ulianzia katika kaunti za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Katika awamu yake ya pili, kaya takriban 100,000 zilikuwa zikipata malipo ya kawaida, ambayo yalifikia shilingi 5,400 kila baada ya miezi miwili, na kaya nyingine nyingi zilifunguliwa akaunti za benki ijapokuwa hazikuwa zikilipwa, ili ukame ukizidi pesa ziwe na njia ya kupitia. Kipimo chake hutokana na picha za setilaiti zinazoonyesha hali ya mimea, ambapo kila mahali hulinganishwa na hali yake yenyewe ya miaka iliyotangulia na kupewa alama. Alama ikishuka chini ya 20, ukame huhesabiwa kuwa mkali, na ikishuka chini ya 10 huhesabiwa kuwa wa kupindukia, na hapo malipo ya dharura hupanuliwa kwa kaya ambazo kwa kawaida hazimo. Kwa mpango wa namna hiyo, mzee mwenye mbuzi 140 mwaka huu na tisa mwaka ujao angalau ana mlango wa kuingilia.

Ipo pia bima ya mifugo. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, yenye makao hapa Nairobi, ilianza kuijaribu Marsabit mwaka 2010. Serikali ikaichukua mwaka 2015 ikianzia Turkana na Wajir, ikawalipia wafugaji waliochaguliwa ada yote kwa mifugo isiyozidi vipimo 5, kipimo kimoja kikiwa ng'ombe mmoja au mbuzi 10. Uzuri wake ni kwamba haikumtaka mtu aonyeshe mzoga. Malisho ya eneo yakikauka kupita kiwango kilichowekwa, waliokatiwa bima katika eneo hilo hulipwa, na nia ni kwamba pesa zifike mapema, zinunue chakula cha mifugo ingali hai. Februari 2017, kwa mfano, wafugaji zaidi ya 12,000 walilipwa jumla ya zaidi ya shilingi milioni 200. Ukigawanya utapata wastani wa shilingi 17,000 hivi kwa mtu, kiasi ambacho hakimtajirishi mfugaji yeyote lakini kinaweza kuwavusha majike kumi msimu mmoja.

Mitambo hii ina kasoro zake. Setilaiti huona ukijani, haijui kuonja. Kichaka cha mathenge, ambacho kimevamia malisho ya Tana River, Garissa, Turkana na Baringo, hubaki kijani hata nyasi zikiwa zimekwisha, na mtu anayetazama kutoka juu anaweza kudhani kuna neema mahali ambapo mbuzi wanakufa. Kwa hiyo alama za setilaiti lazima zipimwe pamoja na habari za wanaotembea ardhini, yaani bei za sokoni, umbali wa maji na hali ya miili ya mifugo, na kwa kweli NDMA hukusanya mambo hayo na kutoa taarifa kila mwezi kwa kila kaunti kame. Nimezisoma kadhaa. Ni taarifa za kina na zimefanyiwa kazi. Tatizo ni kwamba zimeandikwa kwa Kiingereza na husomwa zaidi na watu wa semina za hotelini kuliko na mtu mwenye mbuzi. Nimewauliza wafugaji wengi wanaofika Kiamaiko kama wanajua alama ya kaunti ndogo yao mwezi huu, na hadi leo sijampata anayejua kwamba ana alama.

Nimejaribu kusoma wenzetu wanafanyaje, na Marekani imenipa mambo mawili ya kuiga na moja la kuogopa. Sheria ya Kilimo ya mwaka 2014 iliifanya kuwa ya kudumu mipango ya kuwalipa wafugaji wanaopatwa na maafa. Upo mpango unaolipa asilimia 75 ya bei ya soko ya mnyama aliyekufa kwa hali mbaya ya hewa, na mfugaji hutakiwa kupeleka taarifa pamoja na ushahidi wa idadi. Upo mwingine unaolipia malisho yaliyokauka, na huo ndio ulionivutia, kwa sababu unafuata ramani ya ukame inayotolewa kila Alhamisi. Kwa mujibu wa sheria hiyo ya 2014, kama ilivyokuwa kabla ya kubadilishwa mwaka 2025, kaunti ilipokaa katika kiwango cha ukame mkali kwa wiki 8 mfululizo, mfugaji wake mwenye sifa alistahili malipo, gavana atangaze asitangaze. Mfugaji anaweza kuitazama ramani mwenyewe na kuhesabu wiki kwa vidole.

La kuogopa ni kwamba malipo ya kule hufuata ukubwa wa kundi na wa malisho, na sheria imeweka kikomo cha dola 125,000 kwa mtu kwa mwaka katika mpango huo wa malisho. Kikomo chenyewe kinakueleza ni watu wa aina gani wanaotarajiwa dirishani. Isitoshe, mpango huo humtaka mtu aonyeshe kwamba malisho ni yake au ameyakodi, na malisho ya ami yangu ni ya jamii nzima, yanatumiwa kwa mapatano ya wazee ambayo hayamo kwenye karatasi yoyote. Tukiuchukua utaratibu ule kama ulivyo, watakaolipwa kwanza ni wenye ranchi zenye hati, na mchungaji wa kuhamahama atakuwa bado anatafuta nakala ya kitambulisho.

Jambo la pili la kuiga ni uwazi. Shirika la Environmental Working Group la huko Washington limeyaweka kwenye intaneti malipo ambayo serikali ya Marekani huwapa wakulima, kwa majina ya wapokeaji, na mtu yeyote anaweza kutafuta jirani yake alipata kiasi gani. Sisi tunacho Kifungu cha 35 cha Katiba kinachompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na tunayo sheria ya mwaka 2016 ya kukitekeleza. Najua jibu litakalotolewa, kwamba sheria ya 2019 ya kulinda data za watu inakataza. Lakini hakuna anayeomba namba za simu wala za vitambulisho. Jina, kijiji na kiasi vinatosha, karatasi ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya chifu wiki mbili kabla ya malipo, na baraza liitwe ili asiyeridhika asimame aseme. Kijijini sisi sote tunajua nani ana nini. Mtu mwenye malori mawili akionekana kwenye orodha ya waliofilisika, watoto wadogo ndio watakaoanza kucheka.

Wapo watakaosema kwamba ni kumvunjia mtu heshima kuanika umaskini wake ukutani. Nimelifikiria hilo. Lakini jirani aliyepoteza mbuzi 131 umaskini wake si siri, maana mizoga ilikuwa imelala njiani na kila mtu aliruka juu yake akienda kuteka maji. Kinachofichwa na orodha iliyofungwa kabatini ni jina la yule asiyestahili.

Serikali za kaunti nazo hazitoki hapa mikono mitupu. Katiba imeugawa wajibu wa kukabiliana na maafa kati ya serikali zote mbili, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura na kutoa humo kwa mwaka pesa zisizozidi asilimia 2 ya mapato yake. Mgawanyo huo unasomeka vizuri kwenye karatasi, ila mfugaji anayefuatilia msaada hutumwa kutoka ofisi ya kaunti hadi ya serikali kuu, kisha akarudishwa, na kila karani anayekutana naye anasema kweli kwamba si yeye peke yake anayehusika. Ombi langu ni kwamba hazina za kaunti nazo zifungwe na alama ile ile: ikifika kiwango fulani, sehemu fulani ya pesa itoke, na kiwango hicho kiamuliwe na bunge la kaunti wakati kuna mvua na hakuna anayegombania kitu.

Wakulima wa mazao sijawasahau, ingawa mimi si mtu wa jembe na nisingependa kujifanya. Bima ya mavuno iliyozinduliwa 2016 kwa wakulima wa mahindi wa Bungoma, Embu na Nakuru, serikali ikilipa nusu ya ada, ilifuata fikra hiyo hiyo ya kupima eneo badala ya kumkagua mtu mmoja mmoja. Na sajili ya wakulima iliyotengenezwa kwa ajili ya mbolea ya bei nafuu tayari inamtumia mkulima ujumbe wa simu aende kuchukua mifuko yake. Njia iliyobeba ujumbe huo inaweza kubeba pia pesa siku mafuriko yanapolichukua shamba.

Hata hapa mjini tumeliona. Mafuriko ya 2024 yaliua karibu watu 300 nchini, na Mto Mathare ulipovunja kingo, hatua chache kutoka soko letu, serikali iliahidi shilingi 10,000 kwa kila kaya iliyohamishwa. Majirani zangu hawakubishana sana juu ya kiasi, ingawa kila mtu aliona ni kidogo. Ubishi uliokesha mtaani ulikuwa juu ya nani ameandikwa, nani hakuandikwa, na ni nani aliye na daftari. Kama hayo yanatokea mahali ambapo kila mtu ana simu na ofisi ziko mwendo wa dakika ishirini, fikiria kijiji ambacho mtandao hupatikana ukipanda kilima.

Ami yangu sasa ana mbuzi 31. Baadhi tuliwanunua sisi wanawe wa mjini kwa kuchangishana, na wengine wamezaliwa zizini. Nilipomtembelea mara ya mwisho nilimweleza habari za setilaiti na alama, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza alama ya kwao ni ngapi mwezi huu na ikifika ngapi atapigiwa simu. Nilimjibu kwamba namba ya kwanza ipo na hutolewa kila mwezi. Akauliza kwa nini basi haijabandikwa kwenye ukuta wa chifu, pale yanapowekwa matangazo ya vitambulisho. Nilikosa la kumjibu, ndiyo maana nimekuandikia wewe, kwa matumaini kwamba wahusika husoma ukurasa huu.

Wako mwaminifu,
Karani wa soko la mbuzi,
Kiamaiko, Nairobi